Asubuhi Zako, Jioni Zangu

Kituo cha Maputo ya Hali ya Hewa, Velshet
Pwani ya Konkan
Jumatano, 20 Julai 2022

Ndugu yangu Datta,

Nakusalimu kwa heshima na kwa tumbo lililoshiba, maana shemeji yako Sulabha amenilazimisha nile kwanza, akisema barua ndefu haiandikwi na mtu mwenye njaa. Natumaini mvua hazijawasumbua sana huko mlimani. Goti lako je? Na miche ya mikorosho uliyoiunga mwezi wa tano, imeshika au imekufanyia kiburi? Msalimie sana shemeji Nalini. Mwambie zile laddu zake tamu zilifika nzima, na kwamba nilizimaliza peke yangu kabla nyumba haijajua kuna mzigo uliokuja, kwa hiyo akiulizwa na Sulabha aseme hakutuma kitu. Sisi huku ni wazima. Mwanetu Tejas amepata kazi Pune na sasa anatupigia simu kila Jumapili kutufundisha namna ya kuishi. Mimi mwenyewe sijambo, ukiondoa mkanda wa suruali, ambao nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Ni tundu la nne tangu ulipoondoka kituoni.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hunichekesha hata sijamaliza salamu, na mimi nikishachekeshwa huwa nasahau nilichotaka kusema, hasa kama kilikuwa kinanitia woga. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Ukifika katikati ukasikia hamu ya kuichana, nakuomba uvumilie mpaka mwisho, kisha uichane kwa raha zako.

Wiki mbili zilizopita alishuka hapa msichana mmoja anaitwa Ketaki, anayesomea shahada ya uzamivu ya hali ya hewa huko Pune. Ana miaka ishirini na saba, miwani mikubwa, na begi lenye karatasi nyingi kuliko nguo. Mkuu wetu wa sasa, kijana ambaye bado ananyoa ndevu kwa uangalifu, alimleta kwangu akimwambia kwamba ukiacha banda la gesi, hakuna kitu kikongwe kituoni kunizidi. Ketaki akainama kunigusa miguu, akaniita mjomba, na kabla sijamaliza kumbariki akawa ameshafungua daftari na kuuliza habari za dari ya mwaka tisini na nane na tisini na tisa.

Jioni hiyo Sulabha alitaka kujua huyo mtoto wa watu amefuata nini kwenye mvua yote hii. Nikamweleza kama nilivyomweleza mara nyingi, naye kama kawaida akasikiliza kama mara ya kwanza. Puto letu likipaa, baridi huzidi na kuzidi, mpaka linapofika mahali fulani, kilomita kumi na sita au kumi na saba juu ya vichwa vyetu, ambapo baridi hugoma kuongezeka. Hapo ndipo dari. Wingu kubwa la msimu wa mvua likifika hapo hugonga kichwa, halafu hutandaa pembeni kama uji wa chapati za dosa kwenye kikaango. Vitabu vinapaita tropopozi, sisi wa kituoni tulizoea kuita dari tu, na msichana huyu anataka kujua kama katika siku za mvua dari hiyo hupanda na kushuka baada ya siku moja au mbili, na kwa kiasi gani. Sulabha akafikiri kidogo, akasema, "Miaka ishirini na tano unatoka hapa kila siku, kumbe unakwenda kupima dari ya mawingu? Na hii yetu inayonidondokea kwenye sufuria utaipima lini?"

Kesho yake tulimkaribisha Ketaki nyumbani kwa wali, vibua vya mchuzi na sharubati ya matunda ya kokamu. Hapo mezani ndipo alipotandaza michoro yake. Datta, natamani ungeiona. Kwa miaka mitatu ameketi na madaftari yetu ya zamani, yale uliyokuwa unayaandika kwa mwandiko wako wa kike, akanakili kila tarakimu. Asubuhi amezichora kwa rangi nyekundu, jioni kwa bluu. Nyekundu inaruka: leo kilomita kumi na sita na ushei, kesho kumi na saba na nusu, keshokutwa imeshuka tena. Lakini bluu, akasema kwa furaha huku akinyooshea kidole chenye mchuzi, bluu kila siku inarudi pale pale, kumi na sita na mita mia nne, kama kuku anavyorudi bandani magharibi. Hajapata kuona jambo kama hilo popote, si Bengal, si Burma, si Siam. Mbingu ya Konkan inavuta pumzi alfajiri na kuishusha jioni. Ameipa jina kabisa: pumzi ya Konkan.

Mwiba wa kibua ulinikwama kooni. Sulabha alinipiga mgongoni kwa nguvu ambazo nadhani zilikuwa na mambo mengine ndani yake. Ketaki aliomba radhi akidhani amenichosha na sayansi.

Wewe umeshaelewa, najua. Puto la asubuhi misimu ile miwili lilikuwa la nani? Lako. La jioni? Langu. Tungepokezana kama watu wengine wote, tatizo ni kwamba mimi sikuweza kuamka. Nilifika zamu ya alfajiri mara mbili nimevaa shati ndani nje, na mara ya tatu ukaniambia, "Lala wewe, mtoto wa mama, asubuhi zote nipe mimi." Nikakupa. Hiyo pumzi ya Konkan, ndugu yangu, ni mimi na wewe.

Sikumwambia Ketaki pale mezani. Nilikunywa sharubati. Naye akaendelea na habari iliyomleta hasa. Mwalimu wake ana mashaka na asubuhi zile. Pembeni mwa daftari la tisini na tisa ameona maneno ya Bwana Sohoni, mkuu wetu wa enzi zile, kwa wino mwekundu: mtazamaji ameondolewa, vipimo vyake havitulii. Kwa hiyo mwalimu anataka asubuhi zote zifutwe, misimu yote miwili, zaidi ya siku mia mbili na arobaini, isipokuwa akipatikana mtu aliyekuwepo athibitishe kwa saini kwamba zilipimwa sawasawa. Ketaki akachomoa karatasi iliyopigwa chapa tayari, jina langu chini, nafasi ya saini juu yake. Akasema yeye anazipenda asubuhi zile, lakini mapenzi hayatoshi. "Wewe ulikuwepo, mjomba. Niambie tu. Zibaki au zifutwe?"

Nilimwomba aniachie karatasi.

Nataka uelewe jinsi karatasi ile ilivyokuwa tamu. Ningeweka saini, asubuhi zako zingebaki, na hilo ni haki tupu. Ketaki angepata shahada yake. Mimi mwezi ujao ningevikwa shali ya heshima na kupewa nazi ya utumishi wa miaka ishirini na tano, mbele ya wageni, na jina langu lingeshukuriwa kwenye kitabu cha msichana. Kila neno kwenye karatasi lilikuwa kweli. Jioni hazikutajwa. Nani anauliza habari za kitu kilichotulia?

Nikakaa nayo zaidi ya wiki. Niliiweka chini ya redio, nikaitoa, nikairudisha. Sulabha akaniuliza kama ni hati ya ndoa ya pili, maana hata ile ya kwanza niliisaini upesi kuliko hivyo.

Jumamosi mvua ilikuwa imepiga tangu Alhamisi bila kupumzika, mvua ile ya kufuta barabara. Saa kumi na moja jioni tukarusha puto, mimi, Ketaki na Mayekar wa gesi, ambaye bado yupo na bado anakohoa kabla ya kufungua mtungi kama anayepiga hodi. Siku hizi hakuna kuchora. Unakaa mbele ya kioo cha kompyuta na mstari unajichora wenyewe. Tukaungoja. Ijumaa jioni dari ilikuwa kumi na sita na nusu. Jumamosi mstari ukapita hapo bila hata kugeuza shingo, ukaendelea, ukaja kusimama kumi na saba na nusu. Kilomita nzima kwa siku moja.

Mimi nilidhani atapiga makofi. Badala yake akaniambia kwa sauti ya mtu aliyetoka kuona mgonjwa kwamba hili ndilo linalomsumbua. Zamani jioni zilikuwa zinatulia. Baada ya tisini na tisa zikatulia hata asubuhi, miaka kumi mizima, kipindi hicho amekiita usingizi. Halafu tangu mashine ilipokuja, asubuhi na jioni zote zinarukaruka hovyo. Pumzi imekufa. Akaniuliza kama na mimi niliyeishi chini ya mbingu hii sioni kwamba imeharibika, na kama nadhani ni sisi watu tulioiharibu.

Datta, msichana alikuwa na machozi. Anaililia mbingu iliyotengenezwa na kifutio changu. Hapo ndipo nilipomwambia, na sasa nakwambia wewe, ambaye nilipaswa kukwambia kwanza miaka ishirini na tatu iliyopita.

Unakumbuka sheria ya Bwana Sohoni ya kulaza karatasi. Kila mchoro ukiisha, unauweka juu ya mchoro wa jana, unaubandika kwenye kioo cha dirisha mwanga upite. Mistari ikilala pamoja, nenda kanywe chai. Ikiachana, ya leo ndiyo yenye dhambi, rudia hesabu. Wewe ulikuwa unarudia hesabu ukapata vile vile, unapeleka vile vile. Mimi nilirudia mara mbili tatu wiki za mwanzo, nikapata vile vile, nikaona inachosha. Baadaye nikawa sirudii. Nikawa nauvuta mstari kidogo kwa penseli laini mpaka ulale. Mita mia leo, mita mia nne kesho. Bwana Sohoni akaanza kunisifu kuwa nina mkono mtulivu. Mwanaume wa miaka thelathini asiyeweza kuamka asubuhi, leo anasifiwa kwa utulivu! Nikaona si dhambi. Nikaona ndiyo ufundi.

Sasa Julai kumi na nne, tisini na tisa. Ulikuwepo, lakini hukuwepo nilipokuwepo mimi. Mvua ilikuwa kama ya Jumamosi hii. Asubuhi ulileta kumi na saba na mita mia tano, na jana yake ilikuwa kumi na sita na mia tatu. Bwana Sohoni akabandika dirishani mbele ya kila mtu, akakuambia, "Khanolkar, jana dari huku, leo dari kule! Hii ni dari au lifti ya Bombay?" Mayekar akacheka. Mimi nilicheka kuliko Mayekar. Wewe ukajibu kwamba umepiga hesabu mara tatu, na kama kuna mtu wa kuambiwa atulie basi ni huyo aliye juu. Bwana Sohoni akaninyooshea kidole, akasema vizuri, tungoje puto la jioni la Redkar, yeye ndiye atakayeamua. Nawe ukaniangalia, ukatabasamu, ukaenda zako kulala.

Nilirusha puto. Nilipiga hesabu. Datta, nilipata kumi na saba na mita mia sita. Nikarudia tangu mwanzo, safari hii kwa haki, kila hatua, nikapata kumi na saba na mia sita. Dari ilikuwa huko juu ulikosema, na ilikuwa bado inapanda.

Niliiona. Sikudhani umekosea hata kwa dakika moja. Niliiona kwa macho yangu, nikaifuta, nikaandika kumi na sita na mia nne.

Ningependa kukwambia nilikuwa na sababu nzito. Nimeitafuta hiyo sababu miaka yote, ningekuwa nayo ningekuletea. Bwana Sohoni alikuwa amesimama mlangoni, ameshanimiminia chai, na amesema kwa upole, "Haya, mkono mtulivu, tuokoe." Hayo tu. Nilikunywa ile chai, na ilikuwa na tangawizi.

Msimu ulipokwisha wewe ukapelekwa kwenye kipima mvua na daftari la upepo, ukakaa huko miaka mitatu ukihesabu matone, kisha wakataka kukuhamishia bara ukaacha kazi. Kati ya yote hayo, kinachoniuma zaidi ni duka la miwani. Uliamini kipimo changu kuliko chako. Ulisema, "Kama Vinu amepata kumi na sita, basi macho yangu yana kasoro, twende nikapimwe." Nikakusindikiza! Yule mpimaji akasema macho yako ni mazima, unaweza kusoma namba ya basi lililo Goa. Ukakataa, ukasema lazima kuna kitu, mpaka akakuuzia miwani dhaifu kuliko zote ili aondokane na wewe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja nikikuchagulia fremu.

Ketaki alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ni jioni ngapi. Nikamwambia zote za mvua, misimu miwili, na baada yako asubuhi na jioni, kwa kuwa nilimfundisha na mwenzangu aliyechukua nafasi yako. Miaka kumi na miwili jumla, mpaka mashine ilipokuja, ambayo haina dirisha. Alifunga daftari polepole. Akasema, "Kwa hiyo mjomba, miaka yote mitatu mtu niliyekuwa namchunguza ni wewe." Nikamjibu ndiyo, na kwamba pole sana, maana ningekuwa somo fupi zaidi. Alicheka huku analia, akanitukana kidogo kwa adabu, kisha akaenda kwetu na Sulabha akampa chakula. Alikula kwa hasira, lakini alikula.

Jumapili alikuja na hesabu mpya. Shahada itachelewa, labda mwaka. Jioni zangu zote zinatupwa. Lakini asubuhi zako, Datta, anasema ndizo pekee zilizopimwa kwa mkono kwenye pwani hii ambazo anaweza kuziamini. Amezilinganisha na siku za mvua kubwa na siku za mapumziko: mvua ikishika, dari yako inapanda, ikilegea, inashuka, asubuhi baada ya asubuhi, kama mashine inavyoonyesha sasa. Hukuruka hovyo hata siku moja. Atakachoandika sasa kitasimama juu ya asubuhi hizo.

Nami nimesaini, ila si karatasi yake. Niliandika yangu, kurasa mbili, nikataja tarehe na chai na yote, nikapeleka nakala ofisi kuu na nyingine nikambandikia Ketaki kwenye daftari la tisini na tisa, juu kabisa ya ule wino mwekundu. Mkuu wetu kijana alishika kichwa. Aliniuliza kwa huruma kwa nini nisingenyamaza tu, shali yenyewe imeshanunuliwa. Nikamwambia amvike Mayekar. Watakavyoniamulia sijui, wanaweza kunitoa kwenye maputo, na itakuwa sawasawa. Sulabha, nilipomwambia, alinisogezea kalamu. Kisha akasema, "Kaandike kwa Datta. Sasa hivi. Na usijifanye mcheshi." Hilo la pili, kama unavyoona, limenishinda.

Ketaki anakuja kwako Jumapili hii kwa basi la saa mbili asubuhi. Anataka kukusikiliza ulivyokuwa unapima, na kama bado una vile vijitabu vyako vya hesabu, anaomba avione. Mimi nitamsindikiza kwa sababu hajui njia ya mlimani. Nitamfikisha mpaka kwenye geti la kitalu chako, na hapo nitabaki. Ukiniita nitaingia. Usiponiita nitakaa kwenye ukuta hadi amalize, nimrudishe, na hakuna atakayekulaumu, wala mimi.

Wape watoto mikono yangu. Shemeji Nalini, kama naye amesoma, mwambie namsalimia hata kama hataki salamu zangu. Sulabha anawasalimu wote, naye yuko upande wako, ameniagiza niandike hivyo. Jihadhari na goti wakati wa utelezi.

Na Datta, msichana atakuuliza maswali mengi, anaandika kila kitu. Akikuuliza kati yetu nani alikosea siku ile, tafadhali usinihurumie.

Ni mimi,
Vinayak Redkar
mtazamaji wa jioni